Nani Aone Nini: Mwongozo Kamili wa Kugawa Ruhusa na Kutunza Siri kwenye Programu za Kusimamia Shughuli

Swali linalorudi kila msimu wa harusi ni hilihili: "Orodha tumeiweka mtandaoni, nywila ipo, sasa mbona wachangiaji wetu wanatumiwa meseji na matapeli wanaojua mpaka kiasi walichoahidi?"

Mara nyingi hapo hakuna mdukuzi. Mwanakamati alitupia linki kwenye grupu, linki ilikuwa wazi kwa yeyote, na ndani ya grupu kuna namba kibao ambazo hata katibu hajui ni za nani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeshika usajili: katibu wa kamati ya harusi au ya send-off, mratibu wa kongamano, au mfanyakazi aliyebebeshwa mkutano mkuu wa wanachama juu ya kazi zake nyingine. Mifano nimeichukua kwenye Google Sheets na Google Forms, kwa kuwa ndizo ninazozikuta kwa kamati nyingi hapa Dar. Ukiwa na mfumo wa kulipia wa kadi za kidijitali, mpangilio ni uleule, vitufe tu ndivyo vinavyobadilika. Na kwa kuwa simu nyingi mjini zimewekwa Kiingereza, jina la kitufe nitaliandika kama linavyosomeka kwenye skrini.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kompyuta moja, hata ya kuazima. Programu ya simu haikuonyeshi mipangilio yote ya kushea.
- Simu ya pili yenye akaunti isiyohusika kabisa na shughuli. Hiyo ndiyo ya kujaribia.
- Karatasi yenye jina la kila mwanakamati, kazi yake, na anwani ya Gmail anayoitumia kweli. Watu wengi wana Gmail iliyofunguliwa na fundi simu Kariakoo na hawajui inaitwaje, kwa hiyo mwambie kila mmoja aifungue mbele yako.
- Programu ya kutoa namba za uthibitisho, kama Google Authenticator, kwenye simu ya katibu.
- Saa mbili tulivu. Usifanye kazi hii kikao kikiendelea.

## Hatua ya 1: Fungua akaunti ya shughuli yenyewe

Usitumie Gmail ya binamu wa bwana harusi. Mwenye akaunti ndiye mwenye faili, na mwenye faili anaweza kumwondoa yeyote, akiwemo mwenyekiti. Akigombana na kamati, au akipoteza simu kwenye mwendokasi wiki moja kabla ya siku yenyewe, mmekwisha.

Fungua akaunti mpya kwa jina la shughuli, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Chagua programu ya uthibitisho badala ya meseji, kwa sababu laini inaweza kupotea, kufungwa au kusajiliwa upya na mtu mwingine. Google watakupa namba 10 za akiba. Zichapishe nakala mbili, moja ibaki kwa katibu na nyingine kwenye bahasha kwa mwenyekiti.

Onyo: nywila ya akaunti hii haigawiwi kwa kamati nzima. Watu sita wakiingia kwa nywila moja, historia ya mabadiliko itaonyesha jina moja tu, na siku ahadi ya mtu ikigeuka kutoka laki tano kuwa elfu hamsini hakuna atakayejua nani aligusa.

Imekubali kama ukiingiza nywila sahihi kwenye simu ya pili, mfumo bado unakuzuia na kudai namba ya uthibitisho.

## Hatua ya 2: Gawa taarifa kabla ya kugawa watu

Wengi huanzia kwa watu: fulani apewe, fulani asipewe. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu bado hujajua unagawa kitu gani. Chukua karatasi, andika kila safu iliyo kwenye orodha yako, kisha uiweke kwenye fungu lake.

Fungu la kwanza ni la kutangazwa: tarehe, ukumbi, ramani, rangi ya sare, ratiba. Haya yakienea ndiyo vizuri.

Fungu la pili ni la kazi: jina la mgeni, kadi ni singo au dabo, meza namba ngapi, upande wa bibi au wa bwana harusi.

Fungu la tatu ni la siri: namba ya simu, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki, kumbukumbu ya muamala, na chochote kinachohusu afya, kwa mfano mgeni asiyekula karanga au anayehitaji nafasi ya kiti cha magurudumu. Majina ya watoto watakaosimamia harusi nayo yaweke hapa.

Fungu hili lina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka, zisitumike kwa lengo jingine, na zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Taarifa za afya, za watoto na za miamala ya fedha ya mtu inazihesabu kuwa nyeti. Kama unaandaa makongamano kwa niaba ya taasisi au kampuni, wajibu wa kujisajili kwenye Tume ulifanyie kazi mapema.

Ukimaliza kugawa mafungu, futa usichokihitaji. Nimeona fomu ya semina ya siku moja inayodai namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na dini. Nilipouliza ya nini, nikajibiwa fomu ilinakiliwa kutoka semina nyingine. Taarifa usiyokuwa nayo haiwezi kuvuja.

## Hatua ya 3: Ruhusa ifuate kazi, heshima ibaki kwenye kiti

Hii ndiyo hatua ngumu, na ugumu wake hauko kwenye kompyuta. Mwenyekiti wa kamati ni mtu mzima, pengine baba mkubwa wa bwana harusi, na anaona ni haki yake kuona kila kitu na kubadilisha kila kitu. Shangazi naye anataka kujua nani katoa ngapi. Ukiwakatalia kwa ukali utaitwa mjuaji. Ukiwakubalia wote, orodha imeshakuwa ya mtaa.

Kinachofanya kazi ni kuwapa kitu kizuri zaidi ya orodha. Mtengenezee mwenyekiti ukurasa wa jumla: ahadi zote, zilizolipwa, zilizobaki, idadi ya kadi zilizotoka, bajeti imefikia wapi. Kisha mpigie, usimwandikie:

"Shikamoo mwenyekiti. Nimekuandalia ukurasa wako peke yako, ukifungua tu unaona tumefika wapi leo, huhangaiki kuhesabu. Majina na namba za watu nimeziacha kwa mtunza fedha ili lawama ikitokea isikuguse. Ukitaka la mtu mmoja, sema tukusomee."

Sijaona mzee aliyekataa ukurasa unaomjumlishia hesabu. Kinachowaudhi ni kufungiwa mlango bila maelezo.

Wengine wapange hivi. Mtunza fedha anaandika kwenye faili la michango, peke yake au na msaidizi mmoja. Katibu analiona faili hilo bila kuliandika, na yeye ndiye anayeandika orodha ya wageni. Wanaofuatilia ahadi kwa simu wapewe kila mmoja majina yake tu. Mjomba anayefuatilia watu wa Mbagala hana haja ya kuona wafanyakazi wenzake bibi harusi. Watu wa mapokezi wanaona jina, aina ya kadi na meza. Mpishi anahitaji idadi ya sahani na vyakula visivyoliwa, bila jina la mtu. Mwenye ukumbi anahitaji idadi tu. MC apewe ratiba na majina ya wazee wa kutambulishwa, matamshi yakiwa yamehakikiwa, basi. Deni la mchango halimhusu MC hata kidogo, maana kuna MC ambaye akishika kipaza sauti hachagui cha kusema.

Maharusi wenyewe? Wanauliza sana hili. Mimi huwashauri waone ukurasa wa jumla mpaka shughuli iishe. Bibi harusi akijua rafiki yake kipenzi aliahidi laki mbili akatoa elfu thelathini, hiyo ni kero asiyoihitaji wiki hiyo.

Ukimaliza hatua hii uwe na karatasi moja ambayo kila jina lina mstari wake: anaona nini, anabadilisha nini, ruhusa yake inakoma lini. Safu ya "inakoma lini" watu huiruka. Usiiruke.

## Hatua ya 4: Tenganisha mafaili, usiridhike na kuficha

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma polepole.

Google Sheets ina vitu vitatu vinavyofanana machoni. Kuficha safu au ukurasa kunaondoa kitu kwenye skrini tu. Kufunga eneo, yaani "Protect range", kunamzuia mtu kubadilisha, lakini kusoma anasoma kama kawaida. Ruhusa ya faili ndiyo pekee inayoamua nani anaona.

Maana yake ni kwamba ukificha safu ya ahadi halafu ukampa mtu ruhusa ya kutazama, anaweza kutengeneza nakala ya faili, na kwenye nakala hiyo yeye ndiye mwenye mali: anafichua kila ulichokificha. Hahitaji ujuzi wowote, ni kubonyeza mara mbili tatu. Na usidhani ukifuta safu umepona. Mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kufungua historia ya faili na kuiona kama ilivyokuwa jana.

Kwa hiyo tengeneza mafaili matatu tofauti, kila moja kwa kundi lake la wasomaji:

1. Michango: majina, namba, ahadi, malipo.
2. Wageni: jina, aina ya kadi, meza.
3. Jumla: hesabu za mwenyekiti, bila jina la mtu.

Faili la wageni lianze jipya kabisa, uandike au ubandike safu zinazohitajika tu. Usinakili faili la michango kisha ukafuta. Utasahau ukurasa uliojificha nyuma.

Kuna fomula ya IMPORTRANGE inayovuta taarifa kutoka faili moja kwenda jingine, na wajuzi wa kamati huipenda. Ni nzuri kwa faili la jumla, ila ina mtego. Ukishakubali faili la pili lisome la kwanza, yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri faili la pili anaweza kuandika fomula nyingine na kuvuta sehemu yoyote ya faili la kwanza, hata zile namba za simu. Ukiitumia, faili linalopokea liwe la kutazama tu kwa kila mtu isipokuwa akaunti ya shughuli.

Dalili ya mafanikio: ukifungua faili la wageni kwenye kompyuta, ukabonyeza View kisha "Hidden sheets", pale pawe hapana kitu.

## Hatua ya 5: Toa ruhusa kwa jina la mtu

Fungua faili, bonyeza "Share". Chini, palipoandikwa "General access", weka "Restricted". Kama pamekaa "Anyone with the link", faili hilo ni la yeyote atakayeikuta linki, leo au mwaka kesho, kwenye grupu lolote itakakopelekwa.

Sasa ingiza Gmail moja baada ya nyingine ukifuata karatasi yako ya hatua ya 3. Anza kila mtu kama "Viewer". Anayeandika kweli ndiye awe "Editor".

Kabla hujafunga dirisha hilo, bonyeza alama ya gia pale juu. Utakuta visanduku viwili vilivyowekwa tiki tangu mwanzo. Cha kwanza kinawaruhusu wahariri kubadilisha ruhusa na kushea faili kwa wengine: kitoe tiki, la sivyo mtunza fedha ataalika msaidizi, msaidizi atamwalika mume wake, na wewe huna habari. Cha pili kinawaruhusu watazamaji kupakua, kuchapisha na kunakili: nacho kitoe. Rudia kwa kila faili. Mpangilio hauhami kutoka faili moja kwenda jingine.

Onyo: hakuna kisanduku kinachozuia mtu kupiga picha ya skrini. Ndiyo maana hatua ya 3 inatangulia hii. Usiyetaka apige picha, usimwonyeshe.

Utajua imekaa sawa pale utakapoituma linki kwenye simu ya pili na kuambiwa uombe ruhusa. Maombi hayo yatakujia kwa baruapepe. Usiyakubali kwa mazoea ukiwa kwenye foleni ya Ubungo. Angalia Gmail iliyoomba kama ipo kwenye karatasi.

## Hatua ya 6: Fomu ya usajili

Fupi, ila usiiruke.

Fomu ina linki mbili. Ya kujazia huishia na neno viewform, ya kuhariri huishia na edit. Unayoituma kwa wageni ni ya kwanza. Chukua ile inayotolewa na kitufe cha kutuma au kuchapisha fomu, usinakili kilichoandikwa juu kwenye kivinjari. Uliyemfanya mhariri wa fomu anaona pia majibu yote.

Ndani ya mipangilio ya fomu kuna "View results summary". Ikiwa imewashwa, kila anayemaliza kujaza anaweza kutazama majibu ya wenzake, yakiwemo majina na namba. Izime. Kisha fungua faili ambalo majibu yanaangukia na ulipitishe kwenye hatua ya 5, kwa sababu faili hilo lina ruhusa zake zenyewe na fomu haizijui.

Juu kabisa ya fomu andika mistari miwili: taarifa hizi ni za kazi gani, nani atazishika, zitafutwa lini. Watu hujaza kwa amani zaidi wakiona hivyo.

## Hatua ya 7: Jaribu kama mtu mwenye nia mbaya

Kaa na simu ya pili. Ukiwa umetoka kwenye akaunti zote, fungua kila linki uliyokwisha kuituma popote. Kisha mwombe mtu mmoja wa kila kazi akuonyeshe skrini yake, usimuulize kwa maneno. Ukimuuliza "unaona namba za watu?" atajibu hapana kwa sababu hajatazama. Mwambie afungue, ateremke mpaka chini, abonyeze kila ukurasa.

Halafu ingia kwenye grupu la kamati na uandike neno "docs.google" sehemu ya kutafutia. Zitajitokeza linki zote zilizowahi kutumwa, zikiwemo za miezi iliyopita wakati faili lilikuwa wazi. Faili likishafungwa kwa "Restricted", linki za zamani nazo hufa. Mafaili ya Excel yaliyopakiwa hapo hayafi. Waombe waliopakia wayafute, na ujue waliokwisha kuyapakua wanayo.

Jambo jingine la WhatsApp ambalo si la faili: kila aliye ndani ya grupu anaona namba za wote. Kwa matangazo ya wageni tumia orodha ya kutangazia, ile ya "broadcast". Inabeba hadi watu 256 na kila mmoja anapokea peke yake, ila atapokea tu yule aliyehifadhi namba yako. Kwa baruapepe, anwani za wageni ziende kwenye Bcc, sehemu ambayo anayepokea haoni anwani za wenzake.

## Hatua ya 8: Kadi yenye msimbo wa QR

Kadi ikishatengenezwa, iskani kwa kamera ya kawaida ya simu, bila programu ya mlangoni. Kama panatokea jina na namba ya simu ya mgeni, rudisha kwa mtengenezaji. Picha ya kadi hii itawekwa kwenye status, na yeyote ataiskani.

Kama inafungua ukurasa wa mtandao, tazama mwisho wa anwani. Ukikuta namba inayofuatana, mfano 57, ibadilishe iwe 58 na ufungue. Ikija kadi ya mgeni mwingine, mfumo huo hauna siri yoyote: mtu mwenye kadi moja anaweza kuzipitia zote, na hata kujichapishia ya kuingilia. Mtengenezaji akikwambia "hakuna atakayewaza kufanya hivyo", tafuta mwingine. Msimbo mzuri ni mchanganyiko mrefu wa herufi na namba usiobahatishika, usio na maana yoyote mpaka uulizwe na mfumo.

Kisha jaribu mahesabu. Singo iskaniwe mara mbili: ya pili lazima ikataliwe, na ionyeshe saa ya kuskaniwa kwa kwanza. Dabo ikubali mara mbili na ikatae ya tatu. Mgeni akiiposti kadi yake mtandaoni, atakayefika wa kwanza ndiye ataingia, kwa hiyo mweleze mapema asiiposti.

## Hatua ya 9: Mlangoni

Vijana wa mapokezi wasiingie kwa akaunti ya shughuli. Mifumo mingi ina nafasi ya "kuskani tu": anaona tiki ya kijani au alama nyekundu, jina na meza. Omba hiyo. Kama huna mfumo, wape faili la wageni kama watazamaji, na mmoja tu ahariri safu ya "amefika".

Mitandao huzidiwa ukumbi ukijaa, na ukumbi wa chini ya ghorofa hauna mtandao hata ukiwa mtupu. Jaribu siku moja kabla, palepale mlangoni. Baadhi ya programu hupakua orodha nzima kwenye simu ili ziskani bila intaneti. Ni msaada mkubwa, ila ujue simu hiyo sasa imebeba majina yote: iwe na loki, na programu iondolewe usiku huohuo. Chapisha na orodha ya karatasi ya akiba, jina na aina ya kadi na meza tu, karatasi ziwe na namba za kurasa ili ujue zimerudi zote. Nimezikuta orodha za namna hiyo asubuhi zikiwa zimefungia maandazi.

Mgeni akifika hana kadi, kijana wa mlangoni asimwonyeshe skrini ili "ajitafute". Amuulize jina, aangalie mwenyewe, akikwama amwite katibu.

## Ukiwa na kongamano badala ya harusi

Programu za makongamano zina ngazi. Chukua Indico, mfumo huria uliotengenezwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya. Kila ngazi, kuanzia kategoria, tukio hadi wasilisho, inaweza kuwa ya wazi, ya kulindwa, au ya kurithi ulinzi wa ngazi iliyo juu yake. Kosa la kawaida ni kulilinda tukio na kudhani kazi imeisha, kumbe kuna wasilisho moja ndani lililowekwa wazi kwa mkono. Pitia matawi yote, ukitafuta kila kisichorithi.

Kumbuka pia usimamizi huteremka: anayesimamia kategoria anasimamia na matukio yaliyo chini yake. Kwa hiyo mhudumu wa usajili apewe ruhusa ya usajili tu, asifanywe msimamizi mkuu ili "asisumbuke". Orodha ya washiriki nayo ina mpangilio wake: ionekane kwa wote, kwa washiriki pekee, au isionekane. Amua kabla ya kufungua usajili.

Na kama wahakiki wa makala za kongamano hawatakiwi kumjua mwandishi, kufuta jina kwenye ukurasa wa kwanza hakutoshi. Fungua sifa za faili la Word au PDF, mara nyingi jina limekaa humo.

## Hatua ya 10: Funga milango baada ya shughuli

Rudi kwenye safu ya "inakoma lini". Siku inayofuata waondoe watu wa mapokezi, mpishi na MC. Kikao cha mwisho cha kamati kikishapokea hesabu, waondoe wanakamati wote isipokuwa mtunza fedha na katibu. Funga fomu isipokee majibu.

Maharusi wakitaka orodha ya kutoa shukrani, wape majina. Kisha futa faili la michango kwa tarehe mliyoiandika kwenye fomu. Likiwa kwenye pipa la Google Drive linakaa siku 30 kabla halijafutika lenyewe, kwa hiyo futa na pipani. Usiliweke "kwa ajili ya harusi ya mdogo wake". Watu walikupa namba kwa harusi hii.

## Orodha ikishavuja

Mtu akishapata majina, ahadi na jina la mtunza fedha, meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" haibahatishi tena. Inasema: "Shemeji, ile laki mbili ya harusi tuma namba hii, ile nyingine ina tatizo." Mchangiaji atatuma, kwa sababu kiasi ni sahihi.

Fanya haya kwa mfuatano. Kwanza weka mafaili yote "Restricted" na uondoe kila mtu, utawarudisha baadaye mmoja mmoja. Badilisha nywila na utoke kwenye vifaa vyote. Pili, tuma ujumbe kwa wachangiaji wote ndani ya saa hiyo, usisubiri kikao wala usitafute kwanza nani mwenye kosa:

"Ndugu mchangiaji, namba ya kupokea michango HAIJABADILIKA na haitabadilika. Ni ileile iliyo kwenye kadi yako, na kabla ya kuthibitisha lazima uone jina lililoandikwa kwenye kadi. Ukiombwa kutuma kwingine, usitume, tupigie."

Ujumbe huu una nguvu pale tu jina la usajili wa laini lilipochapishwa kwenye kadi ya mchango tangu mwanzo. Kwa hiyo lichapishe, namba peke yake haitoshi.

Meseji ya tapeli ielekezwe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Aliyekwisha kutuma pesa apige huduma kwa wateja ya mtandao wake palepale, kabla haijatolewa, kisha polisi. Mtunza fedha naye apige *106# aone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake asiyoijua.